Kitu cha Kufunga Kifuani

Fomu ya usalama wa kazi za porini ilikuwa na kurasa nne, na tatu nilizijaza huku nikila. Hospitali iliyo karibu. Namba ya kifaa cha setelaiti. Aina ya usafiri: pikipiki ya matairi manne, ambayo Alaska nzima huiita ATV. Ukurasa wa nne ndio ulionikalisha wiki mbili. Juu yake pameandikwa "Kinga dhidi ya dubu", na chini kuna visanduku vitatu: kopo la pilipili, silaha ya moto, vyote viwili. Ukichagua silaha unaandika aina yake, kipenyo cha risasi, na mahali utakapoibeba.

Nina miaka 26, niko Fairbanks kwa shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu vichaka vya mierebi na jinsi moose wanavyovitafuna majira ya baridi. Moose ni mnyama wa ukoo wa kulungu mwenye kimo cha farasi na miguu mirefu utadhani ameiazima. Viwanja vyangu vya sampuli viko huku na huko kando ya barabara ya Steese, kaskazini mashariki mwa mji, ndani kabisa kwenye njia za matope na mafundo ya nyasi yanayoteguka chini ya mguu. Kwa miguu unamaliza viwanja viwili kwa siku. Kwa ATV unamaliza sita, na kiangazi cha huko ni kifupi. Tungekuwa wawili: mimi na msaidizi wangu, binti wa miaka 21 aliyezaliwa kijijini kando ya mto Yukon, ambaye ameendesha mashine hizi tangu hajaanza shule.

Alaska ukisema unakwenda porini, mtu hakuulizi unakwenda kufanya nini. Anakuuliza unabeba nini. Niliulizwa na katibu wa idara, na dada wa maktaba, na mzee niliyesimama naye foleni ya viazi. Wote kwa sauti ile ile ambayo kwetu mtu angeuliza kama umebeba mwavuli. Mimi nimekulia Utete, wilayani Rufiji, ambako bunduki ni kitu cha serikali. Iliyobaki ni magobole, na hayo hayatajwi kwa sauti. Ndani ya nyumba yetu bunduki ilikuwamo, kwa sababu baba alikuwa askari wa wanyamapori wa wilaya, lakini ilikuwa ya ofisi, na sisi watoto tuliijua kama tulivyojua jiko la moto: ipo, na haiguswi.

Kwanza nilitaka kujua kama naruhusiwa hata kuishika. Sheria ya shirikisho la Marekani inamkataza mgeni mwenye viza ya muda, mwanafunzi akiwemo, kuwa na silaha ya moto au risasi. Upo mlango wa uani: akiwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote, katazo hilo halimhusu. Yaani mtu anayetaka bastola asije akauawa na mnyama, sharti kwanza apate karatasi inayomruhusu yeye kuua mnyama. Nikakata leseni. Ina jina langu kamili, urefu wangu na rangi ya macho yangu, na sijawahi kuwinda hata kanga. Jimbo la Alaska lenyewe halina makuu. Tangu 2003, mwenye miaka 21 anayeruhusiwa kisheria kuwa na bastola anaweza kuibeba hata chini ya koti bila kibali kingine.

Dukani nilimkuta mzee mmoja nyuma ya kaunta. Alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso. Nilipomwambia nitakuwa juu ya ATV, alirudisha nusu ya vitu alivyokuwa amevipanga mezani.

Bunduki ndefu ziliondoka kwanza. Ukiivaa mgongoni, mtutu unanasa matawi na kugonga kofia yako ngumu. Ukiifunga kwenye chuma cha nyuma cha pikipiki, mzee akasema, hiyo ni bunduki ya pikipiki. Siku mashine itakapokurusha, wewe utakuwa upande huu na bunduki upande ule, na katikati hujui atakuwepo nani. Kiunoni napo hapafai. Umekaa, paja limekunjwa, koti limeshuka, mkanda wa begi umepita juu yake. Pakabaki kifuani: mfuko wa ngozi au plastiki ngumu wenye mikanda inayopita begani na mgongoni, bastola ikilala mshazari chini ya titi la kushoto. Ni pale pale mama zetu wanapomhamishia mtoto akianza kulia mgongoni. Mifuko yenyewe, niseme tu, imeshonwa na watu ambao hawajawahi kufikiria kifua kingine zaidi ya cha kwao.

Ikishakuwa kifuani, ukubwa ndio kila kitu. Njia ikiwa mbaya unasimama juu ya pikipiki na kuinama mbele, na chochote kirefu kitagonga usukani au kitakusaga mbavu. Lakini bastola ikipunguzwa ukubwa, kuna kitu kinaongezeka mahali pengine, nacho ni teke. Risasi ni ile ile, nguvu ni ile ile, ila chuma cha kuimeza nguvu hiyo kimepungua, kwa hiyo inayobaki inamezwa na kifundo cha mkono wako.

Mwisho zikabaki nne. Ruger Super Redhawk Alaskan, rivolva ya risasi sita yenye mtutu wa sentimita sita na ushee tu, nzito zaidi ya kilo moja na robo. Imetengenezwa kwa kazi hii hasa, jina lenyewe linasema. Smith & Wesson 329PD, nayo ya risasi sita za .44 Magnum, lakini ya madini mepesi, kama gramu 700 hivi. Ukiibeba unaisahau, ukiipiga huisahau. Glock 20 ya milimita 10, magazini ya risasi 15. Hii wanaibeba hata askari wa doria ya Sirius ya Denmark, wanaozunguka Greenland na mbwa na sledi, kwa ajili ya dubu weupe. Na Ruger SP101, rivolva ndogo ya .357, risasi tano, mpini unaoenea vizuri kwenye kiganja changu kana kwamba nilipimwa.

Niliipenda hiyo ya mwisho mara moja, na niliiogopa sababu iliyonifanya niipende. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na uzito wa kitu cha thamani. Nilijiona kwenye kioo cha duka nikiwa nimeishika, na kwa sekunde moja nilikuwa mtu mwingine, mtu asiyeulizwa maswali.

Mafunzo yalikuwa Jumamosi tatu, kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mstaafu, mdogo kwa umbo kuliko mimi, asiyepandisha sauti. Ile .44 nyepesi, risasi ya kwanza ilinifumba macho. Ya pili niliyafumba mwenyewe kabla haijatoka, na mama yule akanishika bega akasema hapo ndipo shida ilipo: mkono umeshajifunza kuogopa, na sasa utaogopa kila mara. Glock haikunipiga hivyo, ila mpini wake ni mnene, na kidole changu kilifika kwenye kifyatuo kwa ncha tu. SP101 niliiweza, ingawa baada ya risasi 20 kiganja kiliwaka.

Kisha akatuletea dubu wa kadibodi, amebandikwa kwenye sledi na kufungwa kamba ndefu nyuma ya ATV. Dubu wa kweli hukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Ukipiga hesabu, mita 30 anazimaliza kwa sekunde mbili. Jumamosi ya kwanza nilitoa bastola kifuani na kufyatua mara moja, ardhini. Jumamosi ya tatu nilifyatua mara mbili, moja ikatoboa kadibodi karibu na sikio. Msaidizi wangu alifyatua nne, zote katikati ya kifua, akairudisha bastola mahali pake kama mtu anayerudisha simu mfukoni.

Mama mwalimu hakututisha kwa hadithi za kuraruliwa. Alichotueleza ni makaratasi. Ukimuua dubu kwa kujihami, sheria ya Alaska inakutaka umchune mwenyewe, ngozi pamoja na kucha zake, uchukue na fuvu, uvikabidhi vyote serikalini, na uandike taarifa ndani ya siku 15. Huruhusiwi kubaki na kitu. Nikafikiria kisu changu cha kukatia matawi, na dubu wa kilo mia mbili na zaidi, na mbu.

Mwanafunzi hawezi kukaa wiki mbili bila kufungua majarida. Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao wamechapisha tafiti mbili ambazo kila mtu wa fani yetu huko amezisoma au anadai amezisoma. Ya 2008 ilichambua matukio 83 ya matumizi ya pilipili huko Alaska, kuanzia 1985 hadi 2006. Kwa dubu wa kahawia, pilipili ilikatisha vurugu kwa asilimia 92, na katika watu waliokuwa nayo dubu akiwa karibu, asilimia 98 hawakuumizwa. Ya 2012 ilikusanya matukio 269 yaliyohusisha silaha za moto, kuanzia 1883 hadi 2009. Waliozitumia silaha zao na wasiozitumia waliumizwa kwa kiwango kile kile. Bastola hazikuonekana kuwa duni kuliko bunduki ndefu. Ukizisoma tafiti hizo kwa haraka unaweza kutupa bastola mtoni. Ila matukio ya pilipili na ya silaha si ya aina moja. Wengi waliotumia silaha tayari walikuwa kwenye hali mbaya, na pilipili upepo ukigeuka unaila wewe. Pia hakuna kati ya hizo inayomzungumzia mtu aliyekaa juu ya mashine inayorukaruka, ambaye dole gumba la kulia ndilo linalosukuma mafuta, na mkono huo huo wa kulia ndio unaotakiwa kuchomoa chochote kilicho kifuani. Kabla hujatoa silaha, lazima kwanza uache kwenda.

Nikampigia baba. Kwangu ilikuwa saa moja asubuhi, kwake jua linazama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umeshakula?"

Nilimweleza bastola zote nne. Alisikiliza kwa heshima, kama anavyosikiliza habari za mpira wa timu asiyoipenda. Zaidi ya miaka 20 alibeba bunduki ya .458, ya kufukuza tembo mashambani na kufuatilia wanyama waliojeruhiwa, na sikumbuki hata siku moja akiisifu.

"Wewe umepiga risasi ngapi mpaka leo?"

"Kama themanini."

"Na mwenzako?"

"Huyo anapiga tangu ana miaka saba."

"Basi mwenye bunduki ni yeye. Wewe tazama." Akanyamaza kidogo. "Wawili wenye bunduki kwenye majani marefu, mimi simwogopi simba. Namwogopa mwenzangu."

Baba anajua anachokisema kuhusu simba. Kati ya 2002 na Aprili 2004, nikiwa mtoto wa kubebwa bado, simba mmoja aliua watu zaidi ya 30 katika vijiji vya Rufiji kabla askari hawajampiga. Alipochunguzwa alikutwa na jipu kwenye jino. Baba hakuwa miongoni mwa waliompiga, na hupenda jambo hilo lieleweke, kwa sababu Utete kila mzee sasa alikuwepo. Mwaka uliofuata Craig Packer na wenzake, baadhi yao Watanzania, walichapisha hesabu ya nchi nzima katika jarida la Nature: tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563. Sababu moja waliyoieleza kila mkulima wa kwetu anaijua. Nguruwe pori wanaingia shambani usiku. Mtu anakwenda kulala kwenye dungu, kile kibanda cha miti na makuti, ili awafukuze. Simba naye anawafuata nguruwe, na dungu halina ukuta.

Alaska dubu huua watu wachache mno. Kuna miaka inapita asiuawe hata mmoja. Na kwa ajili ya hao wachache pana rafu nzima za makopo, mifuko ya kifuani ya saizi tano, darasa la Jumamosi, fomu ya kurasa nne. Sisemi ni ubaya. Nimelitumia lile darasa na ningelisoma tena. Ila usiku baada ya simu ya baba nilikaa na orodha yangu ya bastola nne nikamkumbuka bibi, mama yake baba, ambaye miaka yote ile ya simba alilala shambani kipindi cha mpunga. Yeye alikuwa na debe, na fimbo ya kupigia debe.

Fomu niliijaza hivi. Vyote viwili. Silaha: Glock 20, ya msaidizi wangu, itabebwa naye kifuani. Mimi, kopo la pilipili kifuani, mahali ambapo bastola ingekaa, na kifaa cha setelaiti kwenye mkanda wa bega. SP101 niliiacha dukani. Nilichagua Glock kwa sababu kati ya bastola tulizozijaribu ndiyo pekee ambayo wote wawili tungeweza kuiokota na kuitumia. Yeye kwa uzoefu, mimi kwa ncha ya kidole na kwa kuifanyia mazoezi Jumamosi nyingine mbili: kuijaza, kuikoki, kuitoa risasi, kwa mikono miwili, nikiwa nimevaa glovu zilizolowa. Yeye akianguka, mimi ndiye nitakayebaki. Kwa hiyo leseni ya uwindaji haikwenda bure.

Profesa wangu aliniuliza kwa nini kiongozi wa msafara ndiye asiye na silaha. Nikamwambia ndivyo inavyofanyika kwetu. Akakubali, na sina hakika kama alielewa kwamba "kwetu" maana yake ni baba.

Kiangazi kile tuliona dubu mara mbili, na mara zote mbili tuliwaona kwa nyuma, wakikimbia muungurumo wetu. Hapo niligundua jambo ambalo hakuna aliyelizungumzia dukani. Wakati wa hatari si ule uko juu ya pikipiki. Pikipiki inapiga hodi kilomita nzima kabla hujafika. Hatari ni ukishaizima, ukapiga magoti kichakani kwa dakika 40 unapima vijiti, kimya, wavu wa mbu usoni, mgongo umeugeuzia pori. Tulianza kupeana zamu: mmoja anapima, mwingine anasimama, hafanyi kitu kingine, anatazama tu na kuimba. Msaidizi wangu anaimba vibaya sana, na nadhani dubu wengi waliokolewa na hilo.

Kilichotuumiza ni mashine. Julai, kwenye mteremko wa pembeni, ardhi iliyokuwa imeganda chini ikawa imeyeyuka, ukingo wa njia ukaporomoka, na ATV yangu ikalala taratibu kisha ikageuka miguu juu. Mimi niliruka upande wa mlima. Chakula, koleo, maji, mkoba wa data, kopo la akiba, vyote vilikuwa vimefungwa kwenye mashine na vyote sasa vilikuwa chini yake, mafuta yakivuja. Nilivyobaki navyo ni vile vilivyokuwa mwilini: pilipili kifuani, setelaiti begani. Nilipapasa kopo kwanza. Kizuizi chake hakikuwa kimechomoka. Chini yake, kwenye mbavu, kulikuwa na alama ya duara iliyobaki rangi ya zambarau hadi Agosti, na nikawaza ingekuwa na umbo gani kama pangekuwa na rivolva.

Msaidizi alikuwa mita mia mbili mbele. Akarudi, akazima injini yangu iliyokuwa bado inaunguruma, akazunguka mashine mara moja, akatazama pori pande zote, mkono kifuani. Ndipo akaniuliza kama niko mzima. Nilipenda mpangilio ule. Tulipomaliza kuigeuza kwa kamba na kwa pikipiki yake, mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu, na tukala biskuti zilizonuka petroli.

Picha ya siku hiyo niliituma kwenye kundi la familia, ikiwa imekatwa ili mama asione pikipiki. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ndiye anayelinda shamba la bibi sasa. Aliikuza akauliza hicho chekundu kifuani ni nini. Nikamwambia ni pilipili ya kumpulizia dubu.

Akanitumia sauti ya dakika nzima, nusu yake ni kicheko. Pilipili? Wao wanaisaga, wanaichanganya na mavi ya tembo makavu, wanachoma pembezoni mwa shamba usiku, na tembo wanapita mbali. Nyingine wanaichanganya na oili chafu wanapaka kwenye kamba. "Kwa hiyo dada umepanda ndege zote hizo kwenda kusomea pilipili?"

Kisha, kwa sauti nyingine, akauliza kama naweza kumletea kopo moja Desemba, la kuwekea kwenye dungu, maana nguruwe mwaka huu ni wengi na wakija nguruwe hujui nani yuko nyuma yao. Nikamwambia makopo hayo hayaruhusiwi kwenye ndege, si mkononi wala kwenye mzigo. Akasema basi nimletee tochi, ya kufunga kichwani, yenye mwanga wa kufika ng'ambo ya shamba.

Nimenunua mbili. Moja ni ya huyo atakayelala naye.